Kisigino kinachoma kila asubuhi? Tazama kwanza viatu vyako



Saa kumi na moja ya asubuhi unaamka kwenda posti ya kwanza. Unashusha mguu chini, unakanyaga simenti, na papo hapo kisigino kinakuchoma kama umekanyaga msumari. Unashika ukuta, unatembea kwa vidole mpaka mlangoni. Ukifika kwenye bomba la maji, maumivu yamekwisha kupungua. Unajisemea: afadhali, imepona. Unavaa boti, unakwenda kazini. Saa sita unakaa kula. Ukisimama tena, kinachoma. Kesho asubuhi, vile vile.

Watu wa namna hii ninawapokea mara kwa mara kwa dispanseri. Mmoja anasema ni rumatizimu. Mwingine anasema ni uzee, naye hajafika hata miaka 45. Wako na wale wanaosema walikanyaga dawa ambayo jirani aliitega njiani. Mimi siwacheki, maana maumivu yao ni ya kweli. Ila ninawaomba kitu kimoja kwanza: vueni viatu nivione.

Zamani sikufanya hivyo. Nitawaambia aliyenifundisha.

Habari ya mwenzetu mmoja

Nitamwita Yaya tu, kwani ni mkubwa wangu, na amekubali niandike habari yake bila kutaja jina. Anafanya kazi kwenye mashini ya kuvunja mawe. Saa nane kwa siku anasimama na kutembea juu ya vyuma na simenti. Uzito wake ulikuwa kilo 96. Katika visiti ya mwaka mganga alikuta damu yake inapanda, akamwambia: punguza chumvi, punguza bia, tembeza mwili. Yaya alitii, na katika hilo ninamsifu, maana wengi wetu tunatii siku mbili tu. Alianza kufanya futingi kila siku ya posho na kila siku ya Mungu asubuhi, pamoja na vijana wa kambi wanaokimbia barabarani kwa nyimbo.

Ndugu yake mdogo aliyeko Ubelgiji alimtumia basketi mpya, nyeupe, za bei kali. Namba 42. Yaya anavaa 43, na jioni pengine 44. Lakini nani atatupa basketi mpya iliyotoka Ulaya? Aliingiza mguu kwa nguvu, akakaza kamba, akakimbia. Wala hakuanza kwa kidogo: siku ya kwanza alifuata vijana karibu kilometa nane, siku ya pili tena.

Baada ya majuma matatu kisigino cha kuume kilianza kuuma. Alikuja kwangu. Nilimpa kinini za maumivu za siku tano. Akarudi, nikampa tena. Akarudi mara ya tatu, nikampa tena, na nikamwandikia mapumziko ya siku mbili. Mara tatu, ndugu msomaji, na hata mara moja sikugusa ule mguu! Watu walikuwa wengi kwenye benchi, ni kweli, lakini hiyo si sababu.

Yeye alipoona kinini zangu hazitoshi, alinunua zingine kwa wauzaji wa njiani, dikilofenaki, akameza bila kuhesabu, mara nyingi kabla ya kula. Huko kazini alichukua kisu, akaikata boti yake ya usalama kwa nyuma ili isimguse kisigino. Akaanza kukanyaga kwa upande wa nje wa mguu. Usiku mmoja, akishuka ngazi ya chuma, ile boti iliyokatwa ilimvuka. Alidaka chuma cha pembeni, akaanguka vidato vitatu tu, akajeruhi goti. Ngazi ile ina vidato 22.

Siku ya pili bibi yake alimleta kwa dispanseri yeye mwenyewe. Alikuwa na mfuko wa plastiki. Alitoa ile boti iliyokatwa, akaiweka juu ya meza yangu, juu ya karatasi zangu, akasema: "Munganga, kinini zako hazikuiona hii."

Sikuwa na jibu. Nilimwambia Yaya avue viatu.

Kisigino kinaumwa na nini?

Chini ya wayo kuna mkanda mgumu, mweupe, unaotoka kwenye mfupa wa kisigino mpaka kwenye mashina ya vidole. Mguu mmoja una mifupa 26, nayo imepangwa kama daraja. Mkanda huu unafanya kazi ya kamba ya upinde, unalizuia daraja lisilale chini. Kwa nyuma, nyama za shavu la mguu zinavuta kisigino kwa ile kano nene unayoweza kuishika kwa vidole viwili. Ukiongeza mzigo kwa ghafla, yaani uzito wa mwili, kusimama kutwa, au mbio usizozizoea, mkanda unaumia pale unaposhikana na mfupa, chini ya kisigino kwa upande wa ndani. Usiku unapolala, vidole vinashuka na mkanda unajikunja. Hatua ya kwanza ya asubuhi inaunyosha kwa nguvu mara moja. Ndiyo sababu unaruka.

Wengine wakipigwa picha ya radio wanaonyeshwa mwiba wa mfupa chini ya kisigino. Wanaogopa, wanaomba wapasuliwe. Mwiba wa namna hiyo unaonekana hata kwa watu wengi wasioumwa kitu chochote, basi usidhani ndio unaokuchoma. Wagonjwa walio wengi wanapona bila kisu, katika muda wa mwaka mmoja au chini yake. Lakini mwaka ni mrefu kwa mtu anayepanda ngazi usiku.

Basketi gani?

Nilipokuwa kwenye masomo tulifundishwa hivi: lowesha mguu, kanyaga simenti, tazama alama. Alama ikiwa pana, mguu ni bapa, unataka kiatu kigumu. Ikiwa nyembamba, daraja ni la juu, unataka kiatu laini. Mafundisho haya yalienea sana, na wauza viatu wanayapenda mpaka leo.

Halafu majeshi ya Marekani yakayajaribu. Kazi hiyo ilitangazwa katika miaka ya 2009 na 2010, nayo ilifanywa kwa maaskari wapya wengi sana. Kundi moja walipewa viatu kufuatana na umbo la wayo, kundi lingine wote walipewa viatu vya aina moja. Mwishoni walioumia walikuwa karibu sawasawa katika makundi yote mawili. Basi muuzaji akikutazama wayo na kukuambia "wewe unahitaji hii ya bei ya juu", mshukuru, uendelee kutafuta.

Kinachobaki ni jambo ambalo mguu wenyewe unalijua: kiatu kinachokaa vizuri tangu dakika ya kwanza. Usikubali neno la "itafunguka tu, utaizoea". Kiatu cha mbio kinachobana dukani kitabana barabarani.

Wako watakaoniambia: Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Roma mwaka 1960 bila viatu. Ni kweli kabisa. Lakini yeye alikuwa amezoea kukimbia peku, wala hakuwa na kilo 96. Na huko Tokyo, mwaka 1964, alishinda tena, safari hii amevaa viatu.

Kwa mtu ambaye kisigino chake kimekwisha kuumwa, tafuta basketi yenye sponji nene chini ya kisigino, na kisigino kiwe juu kidogo kuliko mbele. Hivyo shavu la mguu linapumzika, na mkanda hauvutwi sana. Basketi bapa kama zile za kuchezea mpira ndani ya sali ziache mpaka upone.

Ukienda sokoni

Wengi wetu tunanunua basketi zilizokwisha kuvaliwa na wengine. Hakuna haya hapo. Basketi nzuri iliyotumiwa kidogo inashinda mpya ya kuiga, ambayo ndani yake ni karatasi ngumu na gundi. Ila ujue kutazama.

Nenda mchana kuelekea jioni, kwa maana mguu unavimba kidogo kutwa nzima, na wakati wa mbio unavimba vile vile. Vaa soksi zile utakazokimbia nazo. Jaribu miguu yote miwili, ukiwa umesimama, kwani watu wengi wana mguu mmoja mrefu kuliko mwingine. Chagua kufuatana na ule mrefu. Mbele ya kidole kirefu kabisa iachwe nafasi ya upana wa kidole gumba. Vidole viweze kucheza. Kisigino kisipande na kushuka unapotembea.

Kisha shika kiatu chenyewe. Kiweke juu ya kitu kilicho sawa, ukitazame kwa nyuma: kikiinama upande mmoja, mwenye nacho wa kwanza amekimaliza, kiache. Bonyeza sponji ya pembeni kwa kidole gumba: irudi. Ikiwa ngumu kama ubao, au ina mikunjo mingi iliyolala, imekufa, hata kama kitambaa cha juu kinang'aa. Sponji ya basketi haidumu milele. Watu wanahesabu kati ya kilometa 500 na 800, na kwa mtu mzito ni chini zaidi. Kunja kiatu: kijikunje pale vidole vinapojikunja. Kikijikunja katikati kama kitabu, hakitalisaidia daraja la mguu wako. Bana sehemu ya nyuma inayoshika kisigino: iwe imara, isilale kama kofia ya nguo. Ingiza mkono ndani mpaka mwisho, utafute msumari, uzi mgumu, kokoto. Na usisahau kulinganisha namba za viatu vyote viwili! Nimeona mtu aliyenunua 43 ya kuume na 42 ya kushoto, naye alikimbia nazo miezi miwili akishangaa.

Mwisho ombea ruhusa ya kukimbia hatua 30 kwenda na kurudi. Muuzaji akikataa, wako wengine.

Mama, wewe ambaye mara nyingi unamnunulia Baba viatu, neno moja kwako. Tunajua desturi ya kukata kijiti cha urefu wa mguu na kwenda nacho sokoni. Kijiti kinapima urefu, hakipimi upana. Ni afadhali Baba asimame juu ya karatasi jioni anapotoka kazini, umzungushie mguu kwa kalamu, kila mguu peke yake, ukate ile karatasi na kuilaza juu ya soli ya kiatu. Karatasi ikipita pembeni, kiatu ni chembamba. Kama Baba anaweza kwenda mwenyewe, ni bora zaidi, hata kama ataleta ubishi wa bei.

Boti za kazi na miguu ya nyumbani

Hapa ndipo nilipokosea mara ya pili. Nilidhani basketi ndiyo kila kitu. Hesabu mwenyewe: Yaya anakimbia labda saa mbili kwa juma. Ndani ya boti za kazi anakaa zaidi ya saa 40. Nilipotia mkono ndani ya boti yake, soli ya ndani ilikuwa imelika mpaka tundu chini ya kisigino.

Kwa hiyo, soli ya ndani ikilika, mwambie shefu wako na uombe nyingine kwa magazini. Ukitaka kuongeza kipande cha sponji chini ya kisigino, weka chembamba, kwa boti zote mbili, halafu tembea na kuchuchumaa: vidole visigonge chuma cha mbele, na kisigino kisipande juu na kutoka. Usikate boti. Usikanyage nyuma yake kama sandali. Na usije kazini na basketi hata siku moja kwa kusema "munganga aliniambia". Jiwe likianguka juu ya basketi, hatutazungumza tena juu ya kisigino, tutazungumza juu ya vidole vilivyobaki. Kama huwezi kabisa kuvaa boti, njoo kwa dispanseri uandikiwe kazi nyingine kwa muda.

Nyumbani usitembee peku juu ya simenti wakati kisigino kinauma. Weka sandali nene karibu na kitanda, uzivae kabla ya hatua ya kwanza. Zile sandali nyembamba za plastiki, ambazo soli yake imekwisha kuwa kama karatasi, ni sawa na peku.

Mazoezi ya kila siku

Viatu vinapunguza mzigo. Mkanda unapona kwa mazoezi. Asubuhi, kabla ya kushuka kitandani, pandisha mguu unaouma juu ya goti la pili. Shika vidole, uvivute kuelekea usoni mpaka usikie wayo umekazika kama kamba. Hesabu mpaka 10, achia. Fanya mara 10. Rudia mchana na jioni.

Zoezi la pili ni gumu zaidi, nalo lilijaribiwa huko Denmark na kutangazwa mwaka 2014. Simama juu ya kidato cha mlango, kisigino kining'inie nje, na chini ya vidole weka taulo iliyokunjwa ili vidole viinuke. Shika ukuta. Panda polepole ukihesabu tatu, kaa juu ukihesabu mbili, shuka ukihesabu tatu. Lengo ni kufanya kwa mguu mmoja, mara 12, kwa awamu tatu. Siku moja fanya, siku moja pumzika. Mwanzoni unaweza kutumia miguu yote miwili. Maumivu kidogo si kitu. Yakizidi siku ya pili, punguza.

Jioni, jaza maji katika chupa ya plastiki, uigandishe kama una friji, na uizungushe chini ya wayo dakika 10 ukiwa na soksi.

Kuhusu kinini, sikiliza vizuri. Dikilofenaki na ibuprofeni zinatuliza maumivu, ila zinaweza kutoboa tumbo, kuharibu figo, hasa kwa mtu aliyetoka jasho nyingi na hakunywa maji, na zinapandisha damu. Yaya alikuwa mgonjwa wa damu inayopanda! Siku bibi yake alipomleta, damu ilikuwa juu kuliko siku ya visiti. Kinini zangu na zile za njiani zilikuwa zinabomoa kile ambacho futingi yake ilikuwa inajenga. Usinunue dawa hizi kwa wauzaji wa njiani, wala usizimeze bila kumwambia mganga dawa zingine unazotumia.

Wakati gani ni lazima kuja haraka?

Si kila kisigino kinachouma ni habari ya viatu. Njoo bila kungoja kama kisigino kimevimba, chekundu na cha moto, au una homa. Kama kinauma usiku hata ukiwa umelala. Kama ukikibana kutoka pande mbili kwa kiganja unalia, kwa maana mfupa unaweza kuwa umepasuka. Kama ulisikia kitu kimekatika nyuma ya mguu na huwezi kusimama kwa vidole. Wewe mwenye ugonjwa wa sukari, au ambaye miguu inawaka moto na kufa ganzi, chunguza miguu yako kila jioni na utikise viatu kabla ya kuvaa: unaweza kutembea na kokoto siku nzima bila kuisikia. Na mtoto mwenye ugonjwa wa seli mundu akilalamika mfupa unauma pamoja na homa, usimtafutie viatu, mlete hospitali siku ile ile.

Sasa Yaya

Tulikwenda pamoja sokoni siku ya posho, nami nilikuwa na deni. Jozi ya kwanza ilijikunja katikati. Ya pili ilikuwa nzuri lakini nyembamba. Tulirudi juma lililofuata, na tena lililofuata. Mara ya tatu alipata 44, rangi ya kijivu, kamba moja nyekundu na nyingine nyeupe, kwa bei iliyo chini ya kasha moja la bia. Alikimbia mbele ya meza ya muuzaji kwenda na kurudi, watu wakicheka, akarudi akasema: "Hii hainisemeshi."

Hakukimbia mara moja. Majuma sita alitembea tu na kupanda kinga, akifanya mazoezi ya kidato. Boti mpya alipewa. Kisha alianza kukimbia dakika moja na kutembea mbili, kwa dakika 20, kwenye barabara ya udongo badala ya lami, na aliwaacha vijana waende na nyimbo zao. Katika mwezi wa tatu maumivu ya asubuhi yalibaki kidogo sana. Siku akisimama posti mbili mfululizo yanarudi, anayajua. Uzito umeshuka mpaka kilo 89. Kinini za maumivu ameziacha, za damu anaendelea nazo.

Zile basketi nyeupe za Ubelgiji alimpa mtoto wake wa kiume, ambaye anavaa 42 kweli, naye anaringa nazo kambini.

Kwa wengine wenye taabu hii: mje kwa dispanseri baada ya posti, na mlete viatu vyote ndani ya mfuko, boti za kazi, basketi na sandali za nyumbani. Hata kama vinanuka, leteni.